Spana Namba Kumi

Jumanne, 10 Septemba

Benchi la wodi ya figo, lile lenye mguu mfupi. Mama ameshaunganishwa kwenye mashine. Saa nne za kungoja, kama kawaida. Wenzangu hapa wanafuma, wanalala, wanasali. Mimi naandika.

Jana ilikuja barua ya klabu. Ile klabu ya kuokoa magari yaliyoharibika njiani. Uanachama wa Baba unaisha tarehe 30. Miaka thelathini na moja! Stika yao imebadilishwa kwenye kioo cha gari mara thelathini na moja, na Baba anajisifu kwamba hajawahi kuzimikiwa barabarani hata siku moja. Amefundisha udereva nusu ya mji huu. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba gari haliharibiki njiani, huharibika nyumbani asubuhi wakati mwenyewe hajaangalia maji na oili.

Sasa dereva ni mimi. Tangu Aprili.

Sipendi kuikumbuka Aprili. Alikuja dukani kwetu apimwe miwani mipya. Nilimpima mwenyewe. Nilirudia mara tatu nikitafuta kosa kwenye mashine, na kosa halikuwa kwenye mashine. Presha ya macho imemla pembeni kote. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Nilimwambia palepale, katikati ya fremu na vioo, kwamba asiendeshe tena. Hakubisha. Alitoa funguo akaziweka mezani. Halafu akanidai karatasi tuandikishane — gari limepokelewa likiwa zima, tairi la akiba lipo, jeki ipo, spana namba kumi ipo kwenye droo ya mbele. Akanisainisha. Mwalimu ni mwalimu.

Swali ni hili: nilipie klabu, kwa jina langu sasa, au niache?

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeuliza watu wawili, nimepata majibu matatu.

Kaka, kwa simu kutoka huko aliko: upuuzi mtupu. Klabu ni ya watu wenye magari mabovu na roho nyepesi. Baba amewalisha miaka thelathini bure. Nikamwambia njoo basi umpeleke Mama wewe, mara tatu kwa wiki. Akasema mtandao unakatika. Mtandao wake hukatika zamu yake ikifika.

Fundi wetu — tunamwita Fundi Kimya kwa kuwa hajawahi kunyamaza — alianza kwa kucheka. Klabu ya nini, dada, na mimi nipo? Nikamuuliza, saa moja asubuhi upo? Akasema saa moja ya lini? Kisha akakiri kwamba wale jamaa wa makoti ya njano wanafika upesi, na wanazo nyaya na betri za akiba. Halafu akarudi kulekule, kwamba wao ni wa kukufikisha tu, kutengeneza ni kwake.

Mimi sihitaji kutengenezewa. Nahitaji kufika. Mama ana kiti saa mbili kamili, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Ukichelewa dakika ishirini kiti anapewa mwingine, maana kuna watu wanakaa nje wakiomba mwenzao achelewe. Siwalaumu. Juni alikosa siku moja tu, mashine zilikuwa mbovu. Kufika jioni hakuweza kulala chali. Maji yalikuwa yamepanda kifuani, anapumua kwa mdomo, amenishika kiganja. Sauti ile bado ninayo masikioni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nitalipa.

Jumamosi, 14 Septemba

Presha ya Mama ilishuka akiwa kwenye mashine. Wakamwinua miguu. Amerudi kwenye rangi yake, lakini hanitazami.

Tulipokuwa tunakuja gari lilikohoa kwenye mlima. Mara moja tu. Baba, kutoka kiti cha mbele, akasema mafuta machafu, endelea, gia ya pili. Siku hizi anakuja nasi kila safari. Anasema kadi ya klabu ni ya mtu, si ya gari. Asipokuwemo yeye hawatakuja. Kwa hiyo anavaa shati la kola, anaweka kadi mfuko wa kifuani, na anakaa hapo mbele kuanzia nyumbani hadi hospitali, kadi inayopumua. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili nimeona ana kazi.

Nikilipa kwa jina langu, nitakuwa nimemwachisha na hii.

Jumatano, 18 Septemba

Nimekwenda ofisi za klabu saa ya chakula.

Chumba kidogo, feni, kalenda yenye picha ya gari jekundu. Karani mama mtu mzima, mpole. Nikamweleza. Akasema hakuna shida, jina linaweza kuhama, na mkilipa kabla ya tarehe 30 haki zote zinaanza upya. Akachapa kwenye kompyuta. Akakunja uso.

Akaniuliza, hilo gari mmelipeleka kwa fundi?

Kwa nini?

Kwa sababu mwanachama ameita mara sita tangu Aprili. Na mwisho kwa mwaka ni mara sita.

Nikasema si kweli. Baba hajawahi kuita. Akanigeuzia skrini. Mara sita, zimeandikwa, na sehemu ya tatizo imeandikwa jambo lilelile: waya wa betri umelegea, umekazwa. Mahali: nyumbani kwa mwanachama. Siku: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Ya mwisho, tarehe 4 mwezi huu.

Siku ambazo mimi niko dukani na gari liko uani.

Kwa hiyo miezi yote hii Baba anajua gari lina ubovu na hajaniambia? Na mimi nampakia Mama humo? Sikulipa. Nilitoka na fomu mkononi. Mchana kutwa nimekata vioo vya miwani vibaya, viwili nimevitupa.

Ijumaa, 20 Septemba

Fundi Kimya amefungua boneti. Akashika ile nati ya betri, akaitikisa, akainusa karibu. Akanyamaza. Nikaogopa kuliko kama angeongea.

Akasema, dada, nati hii hailegei yenyewe. Tazama pembe zake zilivyolika. Hii inalegezwa na spana, inakazwa na spana, inalegezwa tena. Kuna mtu nyumbani kwenu ana kazi ya mkono.

Aliikaza. Hakutaka malipo, na hilo pia liliniuma.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimemuuliza Mama. Nilingoja mashine ianze, kwa kuwa hapo hawezi kuondoka. Ubaya wangu.

Alikuwa anajua. Tangu mwanzo! Ameeleza kwa sauti ya chini, macho kwenye ule mrija. Kwamba siku asizokuja hapa yeye hulala kutwa, hana nguvu hata ya kujibu. Baba hukaa sebuleni. Redio haitaki. Gazeti haoni. Simu ya Kaka haiji. Siku ya kwanza alitoka uani kuligusa gari tu, kulisikia. Akafungua boneti. Akiona kimya kimemzidi, mkono huenda wenyewe kwenye nati, Mama amesema.

Nikamwambia, angepiga tu simu akasema gari haliwaki, kwani angechukuliwa hatua gani?

Mama akanitazama. Baba yako awaite watu kwa uongo? Akasema kwanza analegeza, ndipo anapiga. Gari liwe haliwaki kweli.

Na anayekuja ni mmoja kila mara. Mwanaume wa makamo, ndevu zina mvi, koti la njano. Mwanafunzi wa Baba wa zamani, aliyefeli mtihani wa barabarani mara tatu. Anakaza nati dakika moja, anakaa saa nzima. Mama anawasikia kutoka kitandani wakibishana kuhusu klachi. Baba anacheka. Huyo mtu anajua, Mama anasema. Anajua na anakuja.

Halafu akanishika mkono, ule usio na sindano. Usimvue nguo baba yako. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na magoti ya baba yako yamekufa.

Nikasema sitamwambia kitu. Nilikuwa nimekasirika mno, hata kulia sikuweza. Nimekuwa nikiendesha nikihesabu pumzi za gari, kumbe ubovu tunakula nao meza moja.

Jumatano, 25 Septemba

Baba ameuliza kama nimelipia klabu. Alijifanya anatafuta chumvi.

Nikasema nitalipa.

Fomu iko kwenye mkoba. Kila mchana naiona. Kila mchana najiambia, nilipe nini? Nimlipie mtu wa kuongea naye? Ningekuwa mimi ndiye wa kuongea naye, lakini nikifika jioni nina maneno kumi tu yamebaki, na Mama anachukua tisa. Hilo sijawahi kuliandika. Leo nimeliandika.

Tangu nijue, simpi hata hilo moja. Habari za mchana, nzuri, basi. Naye hajauliza kwa nini.

Jumamosi, 28 Septemba

Tumekwenda, tumerudi salama. Baba na kadi yake mfukoni. Nilimwangalia vidole njia nzima.

Jioni nilifungua droo ya gari nikatoa spana namba kumi. Nimeitia kwenye mkoba wangu, pamoja na fomu. Sikumwambia mtu. Mtoto wa miaka arobaini na sita anamficha baba yake spana! Lakini nitalala.

Jumatatu, 30 Septemba

Siku ya mwisho ya kulipa. Wateja walijaa, mtoto wa shule aliyekalia miwani yake, bibi asiyejua herufi anayetaka kipimo cha herufi. Ofisi ya klabu inafungwa saa kumi. Nilitoka saa kumi na robo. Ningeweza kupiga simu. Sikupiga.

Nyumbani kimya. Koleo la kung'olea misumari liko dirishani jikoni, sijui nani kalitoa. Nimelirudisha kwenye ndoo ya vifaa. Baba amelala mapema, hakula. Miguu ya Mama imevimba kidogo. Jumanne ndiyo mbaya kuliko zote, siku tatu tangu Jumamosi.

Jumanne, 1 Oktoba

Niandike upesi. Niko ghorofa ya pili, wodini, dirishani. Nesi amekwenda kupiga simu. Mama yuko kwenye kiti cha magurudumu, sio kile cha mashine. Anapumua kwa mdomo.

Tuliondoka saa moja na robo. Gari liliwaka vizuri. Saa moja na nusu, kwenye mzunguko wenye taa, nikapita tuta — kimya. Taa zote za dashibodi zikafa pamoja. Tukasukumwa na kasi yetu wenyewe hadi ukingoni. Magari nyuma yanapiga honi. Kisha yakatuzunguka, na wao pia wana safari zao.

Nilijua. Kabla gari halijasimama nilishajua. Koleo dirishani! Amelegeza jana kwa koleo, akashindwa kukaza kwa koleo. Na spana ilikuwa pajani kwangu, ndani ya mkoba. Kazi ya dakika mbili. Hata mimi naiweza.

Sikushuka.

Nilishika usukani nikamngoja Baba aseme. Aseme tu, kwa kinywa chake. Alikaa ameelekeza uso mbele, mikono magotini. Sekunde za saa ya mkono wake nilikuwa nazisikia. Mama nyuma akasema, mama, tunangoja nini? Ananiita mama akiwa na hofu. Dakika nane! Niliziangalia zikipita moja moja, na nilikuwa nimepima macho ya watu miaka ishirini, najua kuhesabu.

Mwishowe nikasema, Baba, niwapigie klabu?

Akasema, utakavyo, mwanangu.

Nikapiga. Nikaweka sauti ya juu. Sitajidanganya humu — nilikusudia. Muziki ulilia muda mrefu. Ndipo mwanamke mwenye sauti safi akasema samahani sana, uanachama huu umeisha jana. Nikasema najiunga sasa hivi. Akasema karibu sana, ila mwanachama mpya haruhusiwi kuita hadi zipite siku mbili. Nikasema nina mgonjwa garini. Akasema pole sana, dada. Na alikuwa na pole ya kweli, nilimsikia. Akaendelea, akidhani ananisaidia: hata uanachama ungelikuwa bado hai, dada, mara sita zote zimeshatumika kwa waya wa betri. Na mzee alipiga tena jana asubuhi, tukamweleza kwamba zimekwisha. Akashukuru vizuri tu. Lile gari lingepelekwa kwa fundi.

Nilikata. Gari zima lilisikia. Nilikuwa nimemvua nguo, mbele ya mkewe, kando ya barabara.

Baba akafungua mlango. Huyu mtu ambaye ndani ya nyumba hutafuta kikombe kwa kupapasa meza yote — alizunguka gari, akafungua boneti, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye nati. Haukupapasa hata kidogo. Kisha akanyoosha mkono mwingine upande wangu, kiganja juu, bila kugeuka.

Nipe spana.

Hakuuliza kama ninayo. Nikafungua mkoba mbele yake, nikampa. Ilikuwa ya moto kwa kukaa pajani. Akakaza. Washa, akasema. Likawaka.

Njia nzima alitoa maelekezo mawili tu. Pita kulia. Sasa kulia tena. Ile sauti yake ya darasani, bila kisirani chochote.

Tulifika saa mbili na dakika ishirini na sita. Dakika sita! Kitini palikuwa na kijana mwenye kofia, ameshachomwa sindano, akatuangalia kwa aibu. Nesi akasema nifanyeje, nimewangoja hadi dakika ishirini na mbili. Zile nane zangu na muziki wa klabu, toa hizo, Mama angekuwa kitini.

Kaka alisema kulipa ni upuuzi. Sasa naweza kumjibu. Ingefaa. Ingefaa hata kama yule bwana wa koti la njano asingegusa gari, angekaa tu uani na kubishana habari za klachi. Nilikuwa na siku kumi na mbili za kulipa na fomu mkobani.

Baba hakutaka kupanda juu. Nendeni, amesema, mimi nakaa na gari. Spana bado anayo. Sikuwa na uso wa kuidai.

Nesi amerudi. Kiti kipo, kituo cha upande wa pili wa mji, wanatushikia hadi saa nne kamili. Sasa ni saa tatu na dakika tano. Anafunga mkanda wa Mama, anamfunika miguu. Ameniuliza, usafiri mnao?

Nimemwambia tunao.

Naliona gari kutoka hapa dirishani. Boneti iko wazi. Baba ameinama, shati la kola limemtoka nyuma, na bega la kulia linakwenda na kurudi. Mkono unazungusha kitu. Nimekaza macho yangu mazima haya, nimefuta kioo kwa kiganja, na kutoka huku juu sioni anazungushia upande gani.